Kabla Mgeuze Radiogramu ya Guka Kuwa Kabati ya Vikombe

Kuna mkahawa mmoja hapa Ruiru, jina nitawaachia mjikisie, umeweka radiogramu ya zamani karibu na kaunta. Mbao bado inang'aa, vifungo viko, kioo cha kutafutia stesheni kiko. Lakini ukifungua kifuniko, ndani kuna sukari, majani ya chai na vikombe. Nilimwuliza kijana wa kaunta vitu vya ndani vilienda wapi. Akanijibu, "Zile chuma? Zilichukuliwa na watu wa skrepu." Watu wanapiga picha hapo wakisema ati inapendeza sana. Mimi nilikunywa chai yangu nikiwa na hasira.

Najua kuna mtu anasema, msee, si ni sanduku tu. Sawa. Wacha niwaeleze kwa nini haikuniingia.

Cucu yangu anaishi Gatanga, upande wa Kirwara. Mimi nilipewa jina la guka, kwa hivyo ananiita bwanangu, kama vile macucu wote wa kwetu huwaita wajukuu waliobeba hayo majina. Guka alifanya kazi ya kiwanda Thika miaka ya 1970, akiishi Makongeni. Kitu cha kwanza kikubwa alichonunua, kabla ya ng'ombe na kabla ya mabati mapya, ilikuwa radiogramu. Aliilipia pole pole, mwezi kwa mwezi. Alipostaafu akaibeba nyumbani, na kwa miaka mingi imekaa sebuleni chini ya vitambaa, TV ikiwa juu yake. Ndiyo, hata sisi. Nimejishtaki wa kwanza.

Sasa, ndugu mdogo wa cucu alikuwa anapiga gitaa. Alipiga gitaa la pili kwenye santuri moja ndogo ya mizunguko 45, iliyorekodiwa Nairobi. Jina lake haliko kwenye lebo. Lebo ina jina la mwimbaji peke yake, na huyo mwimbaji mwenyewe hakuwahi kuwa mtu mkubwa. Ndugu ya cucu alishafariki, na hakuna kaseti wala picha yake akiwa na gitaa. Nimetafuta huo wimbo YouTube kwa kila njia ya kuandika jina lake na sijaupata. Nakala ninayoijua ni moja, iko ndani ya bahasha ya khaki kwenye kabati ya cucu. Mwaka jana akaniuliza, "Bwanangu, hiyo kompyuta yako haiwezi kuisoma?"

Haiwezi. Inahitaji ile mashine, na ile mashine ilikuwa imekufa.

Kama hujui Gatanga, jua tu kwamba ni mahali ambapo huwezi kurusha jiwe bila kupata mwanamuziki. Daniel Kamau, yule D.K., ni wa huko. John De'Mathew alikuwa wa huko, na alipopata ajali Agosti 2019 ilikuwa hapa hapa karibu na Blue Post, akitoka kwa mchango wa mwanamuziki mwenzake mjini Thika. Ukipanda juu kidogo hadi Kangema unafika kwa kina Joseph Kamaru. Vijana wa huko walishuka na gitaa zao hadi Thika, wakapanda basi, wakaenda River Road kurekodi, na kilichorudi nyumbani kilikuwa santuri.

Siku hizi tunaongea kama muziki wa wakati ule ulikuwa wa redio. Redio ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, na ilikuwa ya serikali. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwimbia, na huo wimbo ukapigwa marufuku. Lakini santuri ikishatoka dukani, huwezi kuizima kutoka ofisini Nairobi. Mwenye mashine nyumbani aliamua mwenyewe atasikiza nini na saa ngapi, na majirani wakaja kukaa naye. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia radiogramu ilikuwa fanicha ya kujionyesha. Ilikuwa hivyo pia, guka alipenda kujionyesha, wacha tusidanganyane. Lakini ilikuwa pia mlango ambao serikali haikushika ufunguo wake.

Na Nairobi ilikuwa kitovu kweli kweli. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hivyo bendi za huko ziliitegemea Nairobi, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa. Benga ya Kijaluo ilisafirishwa mbali sana: producer Oluoch Kanindo alisambaza santuri zake mpaka Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe "kanindo". Fikiria hiyo. Jina la mtu wa huku likawa jina la aina ya muziki kule Harare. Kabla ya hapo, 1928, Siti binti Saad alilazimika kupanda meli kutoka Unguja hadi Bombay ili arekodi. Kwa hivyo kijana wa Gatanga kurekodi safari ya basi moja kutoka kwao haikuwa jambo dogo.

Kisha kaseti ikaja. Mashine yake ilikuwa ndogo na nafuu, ilienda na betri kwa wale ambao stima haikuwa imewafikia, na mbaya zaidi kwa wanamuziki, mtu yeyote aliweza kunakili. Miaka ya 1980 wizi wa kaseti uliwamaliza. Kufikia miaka ya 1990 santuri mpya za hapa nyumbani zilikuwa zimekwisha.

Sasa tufike kwa mashine yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea.

Radiogramu ya guka ina kile wazee huita chenja, yaani unapanga santuri kadhaa kwenye kijiti cha katikati na inazibadilisha yenyewe. Chenja yake ni ya BSR, kampuni ya Waingereza iliyoanza 1932 na ambayo chenja zake ziliwekwa ndani ya radiogramu za majina mengi sana. Ndani hakuna kompyuta hata chembe. Kuna mota moja. Kuna gurudumu dogo la mpira linalosuguana na kichuma cha mota upande mmoja na ukingo wa sahani upande mwingine. Na kuna gia kubwa ambayo sehemu fulani ya meno yake imeachwa wazi makusudi. Wimbo ukiisha, mkono unasogea hadi katikati, unagusa kikwakwa chepesi sana, gia inashikwa, inazunguka mara moja, inainua mkono, inaangusha santuri inayofuata, inarudisha mkono, halafu lile pengo la meno linafika na gia inasimama. Uamuzi wote umechongwa kwenye chuma. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliangalia hiyo kitu ikizunguka mara kumi bila kuongea.

Fundi aliyenieleza ni mzee wa Ruiru, kibanda chake kiko nyuma ya soko, na alinikataza kuandika jina lake kwa sababu hataki watu wa kaunti. Nilimpelekea radiogramu kwa pikapu. Aliifungua, akainusa (ndiyo, akainusa), akasema, "Kijana, hii haijaharibika. Imepungukiwa." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa hii stori yote. Mashine ya aina hii haifi kwa kuharibika. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama nta kwenye zile gia, lakini hiyo ilioshwa na petroli ikaisha asubuhi moja. Gurudumu la mpira lilikuwa gumu kama jiwe. Alilisugua ukingo kwa msasa, akalifuta kwa spiriti, likashika tena. Ujuzi upo. Kilichokosekana ni vipande viwili: katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, na mota, ambayo koili yake ilikuwa imeungua. Nadhani nani alichukua katriji? Mjomba wangu, 1994 hivi, akitaka kuona kama ndani kuna dhahabu.

Mzee aliniambia kwamba zamani vipuri vilikuwa shida ya pesa, siku hizi ni shida ya kutokuwepo. Nikaenda kusoma, na ako sawa. Kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni serikali ilibana uagizaji wa bidhaa, ukahitaji leseni, na pesa za kigeni zilikuwa za kuomba. Kipuri kutoka Uingereza kilikuwa ghali na kilichelewa, kwa hivyo fundi wa Kenya alijifunza kutotupa kitu. Alichonga au alibadilisha, na akitoa kichwa kwa mashine iliyokufa alikiweka kwa mkebe. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikuja, wakatazama watu kama hawa, na ripoti yao ikaufanya ulimwengu wote uongee kuhusu "sekta isiyo rasmi". Mwaka 1985 Rais Moi akatembelea Kamukunji, na baada ya hapo mabanda ya jua kali yakaanza kujengwa. Halafu 1993 masharti ya leseni yakaondolewa, soko likafunguka, na vitu vipya vya bei ya chini vikaingia. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kuanzia hapo kutengeneza kitu cha zamani kulianza kugharimu kuliko kununua kipya, na ile mikebe ya vipuri chini ya meza za mafundi ikauzwa kwa kilo.

Mzee alinionyesha mkebe wake uliobaki. Mmoja. Mkebe wa Kasuku wa kilo mbili.

Tulianza na katriji. Usifikirie unaweza kununua katriji yoyote ya kisasa uifunge hapo. Zile nzuri za siku hizi hufanya kazi kwa sumaku na hutoa umeme mdogo mno, karibu milivolti 5. Ya guka ilikuwa ya kauri, inatoa mara nyingi zaidi ya hiyo, na amplifaya yake ilitengenezwa kwa kutegemea hizo nguvu. Ukiweka ya sumaku, utasikia mbu akiimba chooni. Tukafikiria hivi: zile turntebo ndogo za sanduku kutoka Uchina, za rangi rangi, ambazo watu wanaojua hifi huzicheka sana, huwa na katriji ya kauri. Nilizunguka wiki tatu. Luthuli walikuwa na mpya ya bei ya kuniua. Nikaja kupata moja imevunjika kifuniko kwa mama mmoja wa mitumba katika soko la Jamhuri, Thika, akaniambia, "Hii ni redio, lakini haishiki stesheni." Nikalipa 1,800 nikanyamaza.

Katriji yenyewe haikutoshea kwenye mkono wa BSR. Mzee alikata kipande cha bati, akakikunja, akakitoboa matundu mawili, akakifunga. Kisha akapima uzito wa mkono kwa mizani ya wauza miraa, si ya kwake, aliazima. Sindano za kauri hutaka kubonyeza kwa gramu tano au sita hivi. Ukizidisha unailima santuri, ukipunguza inaruka.

Mota ndiyo ilitutesa. Mzee alikuwa na jamaa yake aliyekuwa na mota ya BSR iliyotoka kwenye mashine iliyoletwa kutoka Marekani. Inafanana kabisa, skrubu zinaingia. Ni ya volti 110, kwa hivyo tukaipitisha kwa transfoma ndogo ya kushusha. Tukawasha. Sahani ikazunguka. Nikarekodi video, nikapiga kelele, nikampigia cucu simu nikamwambia nakuja Jumamosi.

Jumamosi nikaipeleka Gatanga. Cucu akavaa leso mpya. Akatoa ile bahasha mwenyewe, hakutaka nishike. Sindano ikashuka, kukawa na ile mikwaruzo kama mahindi yanakaangwa, halafu gitaa likaanza, na mtu akaimba. Mimi nilikuwa naangalia uso wake. Akasikiza ubeti mmoja, akatingisha kichwa.

"Huyo si yeye."

Nikamwambia cucu, ni santuri ile ile, ona lebo.

"Lebo naiona. Huyo anapiga kama mtu mgonjwa. Ndugu yangu hakuwa anapiga hivyo."

Niliudhika, sitasema uongo. Nilidhani ni uzee. Nikarudi Ruiru nikamweleza mzee kama mzaha, na yeye hakucheka. Alikaa kimya, akashika paji la uso. "Hamsini," akasema. "Tumesahau hamsini."

Iko hivi. Stima ya Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde, ya kwetu mara 50. Mota za aina hii hufuata huo mtetemo, si volti. Kwa hivyo mota ya Marekani ikiwekwa Kenya inazunguka tano juu ya sita ya mwendo wake. Santuri ya 45 inakuwa inazunguka 37 na nusu. Sauti inashuka, mwendo unachoka, mwimbaji anakuwa mzee kwa miaka thelathini. Transfoma yetu ilitibu volti tu. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, ambaye hajui hertzi ni nini, alilisikia kosa ambalo mimi na simu yangu na video yangu hatukulisikia.

Dawa ni kunenepesha kile kichuma cha mota kinachosugua gurudumu la mpira, kwa asilimia 20. Kichuma hicho kina ngazi, kila ngazi na mwendo wake, na sisi tulihitaji ya 45 tu. Mzee akanituma Thika kwa fundi wa kukereza vyuma, na kipimo kimeandikwa kwenye karatasi ya unga. Yule fundi hukereza vipande vya matrekta na pampu za maji. Alikiangalia kichuma changu kidogo akauliza kama ni cha saa. Akanitolea kipete cha shaba nyembamba, akakibana juu ya ngazi ya 45. Mia tano.

Hapa nataka kuongea na wale wa mkahawa.

Huko Marekani kuna watu wanaopenda mashine za pinball za kabla ya kompyuta, zile za kengele na relei, zinazohesabu pointi kwa magurudumu ya namba yanayovutwa na koili. Gottlieb ya Chicago ilikuwa mfalme wa hizo, na ndiyo iliyoleta vile vibao vya kupigia mpira mwaka 1947. Kampuni yenyewe ilifungwa 1996. Lakini leo mtu akiwa na Gottlieb ya 1965 iliyopungukiwa, anaagiza pete za mpira, koili, hata mchoro wa nyaya, kwa sababu kuna watu wengine waliendelea kuvitengeneza na kuviweka. Uingereza pia, mtu anaweza kupata gurudumu la BSR lililovishwa mpira mpya. Hao watu hawana akili kutuzidi. Wana idadi. Wako wengi waliokataa kutupa, kwa hivyo kipuri kina soko, na kwa sababu kina soko kipo.

Huku kwetu sisi wenye hizi mashine tumetawanyika, na akiba yetu ya vipuri ni radiogramu zilizobaki chini ya vitambaa katika vijiji vya Gatanga, Gatundu, Kandara. Kila moja inayotobolewa iwekewe vikombe ni mota ya mizunguko 50, gurudumu na gia ambazo hakuna mtu atakayezichonga tena. Sikatazi biashara yenu. Wekeni vikombe. Lakini kabla ya kumwita mtu wa skrepu, mwite fundi. Atakutolea chuma zote kwa saa moja na atakulipa, na sanduku litabaki kupendeza vile vile.

Na tafadhali msiniambie kila kitu kiko kwenye intaneti. Vya majina makubwa, sawa. Mjukuu wa Kamaru, ambaye naye ni Joseph Kamaru na wengi wanamjua kama KMRU, amekuwa akitoa upya nyimbo za guka wake, na ni kazi ya heshima. Lakini Kamaru alikuwa Kamaru. Nani atatoa upya ya mtu aliyerekodi pande mbili tu akarudi kulima kahawa? Hiyo itatoka kwa bahasha ya khaki ya cucu wa mtu, au haitatoka.

Tulirudi Gatanga na mzee mwenyewe, alikataa kubaki Ruiru. Cucu hakuvaa leso mpya safari hii, alikuwa anachambua maharagwe. Nilipoweka sindano hakuinua kichwa. Gitaa la kwanza likaingia, halafu la pili likajibu, juu, haraka, kama mtu anayekatiza maneno ya mwenzake. Mkono wake ukasimama kwenye maharagwe. Hakusema ni yeye wala si yeye. Wimbo ulipoisha, mkono wa mashine ukainuka wenyewe, gia ikazunguka, ikasimama.

Akamtazama mzee, akamwambia kwa Kikuyu apewe chai. Kisha akanigeukia.

"Bwanangu, geuza upande ule mwingine."